Risala ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi: Kufuata Mkumbo

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Sisi wanachama wa klabu ya ushauri nasaha tunakukaribisha. Risala ni fupi, maana walioketi nyuma wameshaanza kusinzia.

Mheshimiwa, tukiambiwa tujiepushe na makundi mabaya, huwa tunatazamana. Wanaotuponza ni wale wale wanaotuazima daftari tukiugua, wala hawatulazimishi. Mwenzetu mmoja, aliyeturuhusu tuseme haya, alikuwa nyuma ya madarasa, sigara moja ikizunguka kwa watu watano. Ilipomfikia, kimya. Kisha mmoja akacheka puani. Kicheko kile ndicho kilichomvutisha.

Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1951, mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani aliwaonyesha wanafunzi wa chuo mistari, wataje upi unalingana na mwingine. Wenzao chumbani walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo. Karibu robo tatu ya waliojaribiwa waliufuata uongo huo angalau mara moja, ilhali macho yalikuwa mazima. Lakini alipowekwa hata mtu mmoja wa kusema kweli, waliofuata mkumbo walipungua sana.

Huyo mmoja ndiye tunayemtafuta. Klabuni tunajipanga wawili wawili, na kabla ya sherehe mnaagizana: mwenzio akisema anaondoka, nawe unakumbuka una kazi nyumbani. Tunaigiza pia. “Mimi situmii,” basi, unabadili mazungumzo; anayejieleza sana hubishiwa. Maigizo mengi huishia kwenye vicheko, tunakiri.

Changamoto yetu kubwa iko nyumbani. Yule mwenzetu alipowaeleza wazazi ukweli, alifokewa hadi usiku. Tangu hapo siri zake anatuletea sisi, nasi umri wetu ni ule ule.

Maombi yetu ni haya. Tupatiwe chumba chenye mlango unaofungwa, kwa sababu hakuna anayefungua moyo chini ya dirisha la ofisi ya walimu. Pili, utuombee kwa wazazi wakubali kuwa kisingizio chetu: mtoto akipiga simu kuomba aitwe nyumbani, aitwe kwanza, maswali yasubiri asubuhi.

La mwisho, Mheshimiwa, utakaposimama kutujibu, tusimulie siku moja ya ujana wako uliyofuata mkumbo huku moyo unakataa. Tumekuwekea maji mezani.

Ni sisi, wanachama wa klabu ya ushauri nasaha.