Kabla ya kulaumu hospitali kwa nyonga na magoti yanayorudiwa

Mhariri,

Kila linapozuka suala la Waganda wanaofanyiwa upya upasuaji wa nyonga au goti bandia, watu hukimbilia kuuliza ni hospitali ipi inayoharibu na ni kanda ipi yenye madaktari hodari. Bila daftari la taifa linalofuata kila kiungo tangu siku kinapowekwa, swali hilo halina jibu, na majibu yanayotolewa huwaumiza wasiostahili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hospitali kubwa ya Kampala imeweka nyonga mpya 40 kwa mwaka na kurudia 20. Ya mkoani imeweka 30 na kurudia 1. Ukigawa tu, ile ya Kampala inaonekana machinjio. Lakini wale 20 waliwekewa wapi mara ya kwanza? Baadhi mikoani, baadhi India. Aliyeharibikiwa hupewa rufaa kufuata vifaa, na hesabu ya kushindwa husafiri naye. Kipimo cha haki huanzia kwenye kiungo chenyewe: kati ya viungo 100 vilivyowekwa na hospitali fulani, vingapi vimerudiwa baada ya mwaka 1, 5 na 10, popote vilikorudiwa. Tena ikubalike mapema kwamba marudio ni kutoa, kuongeza au kubadilisha kipande chochote, hata plastiki inayokaa kati ya vyuma peke yake. Hospitali moja ikihesabu plastiki na nyingine isihesabu, hakuna cha kulinganisha.

Hata hapo kuna wasioonekana. Mtu wa wilaya ya mbali ya Kaabong ambaye shina la nyonga, yaani chuma kinachoingizwa ndani ya mfupa wa paja, limelegea akaamua kutembelea mkongojo, kwenye takwimu anahesabiwa amepona. Kanda ya mbali huweza kung'ara kwa sababu tu nauli imewazuia watu wake kurudi.

Wagonjwa nao hawafanani. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2016 ulikuta takriban watoto 13 kati ya 100 wamebeba jeni moja ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na maeneo ya kaskazini kama Lango na Acholi yako juu ya wastani huo. Kwa aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, selimundu huweza kuua kichwa cha mfupa wa paja akiwa bado kijana. Mfereji wa mfupa huo huwa mwembamba, mgumu, mahali pengine umeziba kabisa, hivyo mfupa hupasuka kwa urahisi wakati wa kuutoboa, na maambukizi huwa mengi zaidi. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet 2019 ulionyesha kuwa nyonga takriban 58 kati ya 100 na magoti 82 kati ya 100 hudumu miaka 25. Anayewekewa nyonga akiwa na miaka 28 atarudi tu akijaliwa umri, na hilo si kosa la daktari. Kumlinganisha na mzee wa miaka 70 mwenye goti lililosagika ni kuonea.

Mazingira ya nyumbani yana mchango wake. Nyonga iliyowekwa kwa kupasua upande wa nyuma, kwa wiki 6 hivi za mwanzo goti lisipande juu ya usawa wa nyonga, na mguu usivuke upande wa pili wala kugeukia ndani. Choo cha shimo cha kuchuchumaa huvunja sharti la kwanza kila siku, na kukaa upande kwenye boda boda huvunja mengine. Kiti cha mbao chenye tundu, kimo chake juu kidogo ya goti, fundi yeyote wa kijijini anakitengeneza. Kiwe tayari kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka wodini.

Maambukizi ndiyo yanayotutia hofu kuliko yote. Kidonda kinachoendelea kutoa majimaji baada ya siku 7 hadi 10 kirudi kwa waliopasua. Kikienda kliniki ya jirani, mgonjwa hupewa vidonge, maumivu hupungua, bakteria hubaki kwenye chuma wamejifunika utando. Ndani ya wiki 4 hivi za mwanzo bado inawezekana kufungua, kuosha, kubadilisha plastiki na kuacha chuma. Baada ya hapo mara nyingi vyote hutolewa, panawekwa saruji ya mifupa ya muda iliyochanganywa na antibayotiki, dawa huendelea kwa wiki kadhaa, halafu upasuaji wa pili. Majimaji ya kiungo yachotwe kabla ya dawa. Kama mgonjwa alishaanza dawa na hali yake imetulia, daktari huzisimamisha kama wiki 2 kwanza. Sampuli za nyama zisipungue 5, kila moja kwa kifaa chake, na maabara izioteshe hadi siku 14, kwa kuwa bakteria wengine huota polepole mno. Maabara inayotupa sahani za kuoteshea siku ya tatu itaandika hakuna vijidudu, na kesi ya usaha itaingia daftarini kama kulegea kwa kawaida. Baadhi ya tofauti kati ya kanda huzaliwa hapo hapo maabarani!

Jambo la mwisho ni dogo lakini linagharimu mifupa. Nyonga bandia kwa kawaida ina vipande 4: kikombe, plastiki yake, kichwa na shina. Kila boksi huja na lebo za kubandika zenye namba ya REF (ya aina ya kifaa) na ya LOT (ya toleo la kiwandani). Plastiki ikilika huku kikombe kikiwa kimeshika imara, inatosha kubadilisha plastiki na kichwa. Lakini plastiki hujifunga kwenye kikombe cha kampuni yake tu, na ya kichwa cha milimita 32 haipokei cha 28. Shingo za mashina nazo, hata zilizoandikwa kipimo kile kile cha 12/14, hutofautiana pembe na urefu kutoka kampuni moja hadi nyingine. Bila lebo, daktari hulazimika kung'oa kikombe kizima kilichoshikana na mfupa, na mfupa hutoka nacho.

Sweden ilianza daftari la magoti 1975 na la nyonga 1979. Daftari la Australia lilikuwa la mwanzo kuonyesha kuwa aina ya nyonga iitwayo ASR inarudiwa kupita kiasi, na mwaka 2010 mtengenezaji akaiondoa sokoni duniani kote, watu wapatao 93,000 wakiwa wameshawekewa. Malawi, ambayo haituzidi utajiri, ilianza lake 2005. Sisi tuna namba ya kitambulisho cha taifa, NIN, inayomfuata mtu kutoka Arua hadi Kisoro. Wizara ya Afya itoe fomu ya ukurasa mmoja: NIN, tarehe, upande, ugonjwa uliosababisha, hospitali, lebo zote, na kama ni marudio, sababu yake na vipande vilivyotolewa. Lebo seti moja ibandikwe kwenye fomu, nyingine kwenye jalada, ya tatu apewe mgonjwa. Aliyekwisha kufanyiwa na hana lebo aombe nakala ya ukurasa wa upasuaji sasa, jalada lingali linapatikana.

Wahudumu wa upasuaji wa mifupa,
Kampala