Leseni ya vileo nalipa, fungu la watoto liko wapi?

Ndugu Mhariri,

Nina miaka 58, na tangu mwaka 2004 nina grosari hapa Marangu, mkoani Kilimanjaro. Nauza bia, soda, na siku za soko mbege, pombe yetu ya ndizi, ninayopika mwenyewe. Pombe ndiyo iliyonisomeshea watoto watatu. Naomba nafasi katika gazeti lako niiombe halmashauri yetu itumie sehemu ya fedha inazochukua kwangu kuwaepusha watoto na mlango wangu.

Mei mwaka jana, masika yamekolea, saa nane mchana aliingia kijana wa kidato cha pili. Sweta alikuwa ameligeuza ndani nje ili nembo ya shule isionekane. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo mama," akasema babu yake amemtuma kichupa kidogo cha pombe kali. Babu yake namfahamu, maisha yake yote hajawahi kugusa zaidi ya mbege. Nikamwambia arudi nyumbani. Alivuka barabara, akauziwa duka la pili.

Jioni mama yake alikuja kwangu na tochi, anamtafuta. Tulimkuta saa mbili usiku shambani, amelala kati ya mibuni, mvua inampiga, ametapika mpaka kwenye nywele. Tulimbeba sisi wawili, wanawake, kwenye tope, na njia nzima mama yake alikuwa akimwita jina na yeye haitiki. Alizinduka alfajiri.

Shule ikamsimamisha masomo wiki mbili. Mama yake anauza ndizi soko la Mwika, hutoka nyumbani kabla hakujakucha. Sasa mtoto aliyeadhibiwa kwa kunywa akashinda wiki mbili barabarani, kijiweni, na wanaokunywa tangu asubuhi. Nilikuwa namwona kila siku. Aliporudi darasani alikuwa amejifunza na kuvuta bangi. Simlaumu mwalimu mkuu peke yake, kwani alikuwa na kipi kingine cha kufanya? Mwalimu wa ushauri nasaha wa pale ana vipindi kama wenzake, na watoto ni mamia.

Sheria tunayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe, na kila mwenye grosari anajua kuwa chini ya miaka 18 hapewi. Naamini pia kwamba serikali ikiamua, jambo linawezekana, kwa sababu nililiona kwenye viroba, ile pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki. Mimi mwenyewe niliviuza, Sh500 kimoja. Asubuhi nikifagia nilikuwa nazoa vifuko vyake hadi kwenye kijia cha kwenda shule ya msingi, na nilijua vimenunuliwa wapi. Vilipopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017 nilipata hasara ya boksi zima, na nilimshukuru Mungu. Kile kijia kikawa safi. Leo naokota hapo vichupa vidogo vya plastiki vinavyoenea kwenye mfuko wa kaptula.

Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikauliza ni nani anayeshughulika na hawa watoto. Jibu lilikuwa moja: hakuna fungu. Afisa maendeleo ya jamii ana moyo, lakini pikipiki yake haina mafuta. Kinachofanyika ni tarehe 26 Juni, siku ya kupinga dawa za kulevya duniani: bango, fulana, hotuba, maji ya chupa. Tarehe 27 kila mtu amerudi kwenye shughuli zake.

Fungu lipo, Mhariri. Mimi nalipa leseni ya vileo mara mbili kwa mwaka, na kutoka kanisani hadi stendi tunaolipa tuko wengi. Mgambo wanakuja kukagua kama nimelipa. Hawajawahi kuja kuuliza nimemuuzia nani.

Ninachoomba si kigeni. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: nne, nne, mbili. Sisi kina mama tunakumbuka lilipokuwa agizo tu, mwaka huu mnapata, mwaka ujao mnaambiwa makusanyo hayakufika. Lilipowekwa kwenye sheria mwaka 2018 tukawa na mahali pa kushika tunapodai. Basi na madiwani watunge sheria ndogo kwamba robo ya fedha za leseni za vileo ibaki kwenye kata zilikotoka, kwa kazi hii tu. Imlipe mshauri mmoja aliyesomea, anayezunguka shule za kata. Na mtoto akisimamishwa kwa ulevi asiachwe barabarani. Aripoti kila asubuhi kwenye ofisi ya kata akiwa na madaftari yake, akae na huyo mshauri, na mzazi aitwe. Hili ndilo ninalolililia kuliko yote.

Wapo watakaosema malezi ni kazi ya wazazi. Ni kweli. Desemba ndugu wanapopanda kutoka Dar es Salaam na Arusha, nawaona wajomba wakimpa mtoto wa miaka 12 glasi na kumpigia makofi akiimaliza. Wazazi nao wanahitaji wa kukaa nao na kuwaeleza, tena kabla ya Desemba.

Nina mpwa wangu Dar es Salaam. Alianza na viroba darasa la saba, akaenda kwenye bangi, akaishia kwenye unga, yaani heroini. Sasa kila asubuhi anakwenda kliniki kunywa dozi ya methadoni, dawa ya kumwezesha kuacha unga, huduma iliyoanzia Muhimbili mwaka 2011, na bila hiyo tungekuwa tumeshamzika. Dozi hiyo anapewa bure, hatozwi kitu. Ana miaka 27 na bado anahesabu siku. Alipokuwa darasa la saba, hakuna aliyelipwa hata shilingi kumi kukaa naye akamuuliza ana nini.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na bajeti hupangwa miezi mingi kabla. Namwomba diwani wetu alipeleke hili kwenye baraza mapema. Stakabadhi zangu za leseni ninazo zote, za zamani zilizoandikwa kwa mkono na za sasa zilizochapwa, kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Akizihitaji nitampelekea mwenyewe.

Mama mwenye grosari,
Marangu, Kilimanjaro