PF3 zake ziko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niwasemee wanawake waliomo magerezani ambao kabla ya kufungwa walikuwa watu wa kupigwa. Nilikuwa tabibu wa kituo cha afya kijijini, Mkoa wa Lindi, mpaka nilipostaafu na kuhamia Mtwara kwa mwanangu. Nimejaza PF3 nyingi, zile fomu za polisi ambazo tabibu huandika majeraha ya aliyeumizwa, za wanawake waliopigwa na waume zao. Tatu kati ya hizo, zote za mtu mmoja, hazinitoki kichwani.

Mara ya kwanza alikuja amevunjika jino. Mara ya pili ulikuwa mkono, ule mfupa wa upande wa kidole cha mwisho, ambao huvunjika mtu anapoinua mkono kukinga kichwa. Akaniambia ameanguka kwenye mkorosho. Nikamwambia, mwanangu, mkorosho hauvunji mtu hapa. Akanyamaza. Mara ya tatu ilikuwa Novemba, fedha za mnada wa korosho zimeshaingia. Shamba lilikuwa la kwao, la upande wa mama yake, kama ilivyo desturi ya wengi huku kusini, lakini aliyeandikishwa chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima unaouza korosho, ni mume, na hela ziliingia kwenye akaunti ya mume. Kosa lake lilikuwa kuulizia sare ya mtoto.

Nilijaza fomu, nikagonga muhuri, nikamwambia airudishe polisi. Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga. Nje, kwenye benchi, alikuwa amekaa mjomba wake na mzee mmoja wa upande wa mume. Wakaondoka wote watatu. Shauri lilimalizwa nyumbani kama yale mawili ya mwanzo: mume akaonywa, mke akaambiwa avumilie, ndoa ndivyo zilivyo. Mimi nikaita mgonjwa anayefuata. Hilo ninajilaumu nalo mpaka leo.

Nilimkuta tena gerezani, miaka mingi baadaye, nilipokwenda na akina mama wenzangu kupeleka sabuni na kanga wakati wa Idi. Alinitambua kabla sijamtambua. "Shikamoo, dakta." Usiku mmoja mumewe alirudi amelewa, akaanza, yeye akaokota mchi. Mtu akafa. Alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia. Nikamuuliza kama zile PF3 zilionekana mahakamani.

"Zilikuwa chini ya godoro, dakta. Labda mawifi wameshazichoma."

Alipopewa nafasi ya kusema neno kabla ya adhabu, alisema hana. Aliona haya kusimulia mambo ya chumbani kwake mbele ya wanaume asiowajua, na ndugu wa marehemu wamekaa nyuma yake.

Mhariri, mtu amekufa, na mama yake bado anamlilia. Sisemi mwanamke huyu hakutenda kosa. Nasema mahakama ililetewa usiku mmoja tu, na miaka iliyotangulia usiku huo ikaachwa nyumbani. Na haikuwa siri. Mjomba alijua, jirani walisikia, mimi niliandika kwa mkono wangu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Lakini utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 ulikuta wanawake wanne kati ya kumi, wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kupigwa tangu walipofikisha miaka 15.

Kanuni ya Adhabu inamfikiria aliyeua kwa hasira za ghafla, baada ya kuchokozwa na kabla damu haijapoa. Kosa lake hushuka kutoka mauaji hadi kuua bila kukusudia. Ni sheria ya busara kwa mtu anayeweza kujibu palepale. Anayepigwa na mtu aliyemzidi nguvu akijibu palepale huenda akafa yeye. Hasira yake ni moto wa makumbi: hauna mwali, unafuka chini kwa chini, na siku ukiwaka watu husema alipanga. Kosa likibaki kuwa la mauaji, jaji hana cha kupima tena, adhabu iliyoandikwa ni kunyongwa, isipokuwa kwa mjamzito na kwa aliyekuwa chini ya miaka 18. Kwenye kuua bila kukusudia jaji ana nafasi pana, kuanzia adhabu ndogo hadi kifungo cha maisha. Hapo ndipo karatasi ya chini ya godoro ingekuwa na kazi.

Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010 kwa ajili ya wafungwa wanawake, zinataka mahakama iweze kuzingatia maisha aliyotoka mwanamke na watu wanaomtegemea kabla ya kumpa adhabu. Ni kanuni ya 61. Ila jaji hawezi kuzingatia asichoonyeshwa. Tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, tuna wasaidizi wa kisheria hadi wilayani, tuna madawati ya jinsia polisi, tuna maofisa ustawi wa jamii. Ninachoomba ni hiki: mwanamke akishtakiwa kwa kumuua au kumjeruhi mume, mmoja wao aende kwenye zahanati na kituo cha afya cha kwao kufungua rejesta za nyuma. Fomu inaweza kuchomwa na mawifi. Rejesta hubaki kabatini.

Siku ile ya Idi niliona na jambo lingine. Nje ya lango foleni ilikuwa ndefu, karibu wote wanawake: wake, mama na dada wamebeba mifuko, wamekuja kuwaona wanaume. Upande wa wanawake tulikuwa sisi peke yetu. Yule mwanamke wa PF3 tatu hajawahi kuonwa na watoto wake. Wanalelewa na bibi mzaa mama, na bibi hana nauli. Siku akihamishiwa gereza la wanawake la Kingolwira, Morogoro, zaidi ya kilomita 700 kutoka Mtwara, sijui watamwona lini.

Tulipofungua mizigo, kabla ya sabuni waliulizia pedi. Kanuni ya 5 ya Bangkok inasema mfungwa apewe pedi bure, ni haki yake. Naona watu hulichukulia jambo hili kuwa dogo. Asiye na mgeni, asiye na senti, ambaye hata kitambaa cha hedhi lazima aombe, yuko mkononi mwa yeyote mwenye cha kumpa. Ndivyo alivyoishi kwa mumewe, na ndivyo anavyoishi sasa. Sheria yetu ililiona hilo: tangu mabadiliko ya makosa ya kujamiiana ya 1998, mtumishi wa mahali pa kizuizi anayetumia nafasi yake kumwingilia mwanamke aliye chini yake ametajwa waziwazi katika kosa la kubaka.

Wapo pia waliofungwa kwa kukosa faini ya gongo, hasa msimu wa mabibo, ambayo gongo hutengenezwa kwayo. Hao Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inatosha kabisa kuwarudisha kwa watoto wao wakafagie zahanati badala ya kukaa ndani.

Kuhusu yule wa PF3 tatu, nimeshamwomba msaidizi wa kisheria mmoja wa hapa Mtwara anisaidie. Rejesta zipo, nimeuliza. Mwandiko wangu ni mbaya, wenzangu walikuwa wakiulalamikia. Akihitajika mtu wa kuusoma mbele ya wahusika, mimi nipo, na nauli ya kwenda Lindi ninayo.

Tabibu mstaafu,
Mtwara
(Jina na anuani vimehifadhiwa)