Zuio la mahakama si hukumu, tuandikieni habari za TPS mpaka mwisho

Ndugu Mhariri,

Nina malalamiko, na nayatanguliza kabla ya salamu msije mkayakata kwa kisingizio cha nafasi. Kila mahakama ya Marekani inapoigusa ile hifadhi ya muda ya wahamiaji waliotoka nchi zenye vita au maafa, inayoitwa kwa kifupi TPS, magazeti yetu, hili lenu likiwamo, yanatoka na kichwa cha habari cha maneno matatu manne. Leo mahakama imemgomea Trump, kesho Trump kambwaga jaji, keshokutwa wahamiaji wamepumua. Ni mahakama ipi? Ni wahamiaji wa nchi gani? Amri inakwenda mpaka lini? Msomaji akitafuta majibu hayo ndani ya habari yenyewe, anakutana na tangazo la mabati.

Nimekuwa karani wa mahakama hapa Tanga mpaka nilipostaafu, kwa hiyo zuio la muda nalijua kwa kulipiga mhuri. Watu waliokuja masjala kuchukua nakala ya zuio walikuwa na furaha kuliko waliokuja kuchukua hukumu. Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa na ugomvi wa kiwanja Mikanjuni. Siku aliyopewa amri kwamba nyumba isibomolewe, aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia kwenye pochi, akatoka akipiga vigelegele hadi hakimu akauliza nje kuna harusi ya nani. Nikamfuata barazani nikamwonyesha mstari wa mwisho, ule unaosema amri itadumu mpaka maombi yasikilizwe pande zote mbili. Akanijibu, "Baba, hayo ni ya mawakili." Maombi yake yalikuja kutupwa kwa sababu kiapo kilikuwa na kasoro. Kiapo tu, Mhariri. Suala la kiwanja ni cha nani halikufikiwa.

Sasa litazameni shauri la Wavenezuela. Kristi Noem, akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, alitangaza mapema mwaka 2025 kuifuta hifadhi yao. Machi 31, 2025, Jaji Edward Chen wa San Francisco akausimamisha uamuzi huo, ambao ungewagusa watu wapatao 350,000. Mei 19, Mahakama ya Juu ikaiweka kando amri ya Chen kwa karatasi fupi isiyo na maelezo ya sababu. Septemba 5, Chen huyohuyo akatoa uamuzi kamili kwamba waziri alivuka mamlaka aliyopewa na sheria. Oktoba 3, Mahakama ya Juu ikauzuia tena, rufaa ziendelee. Habari ya Machi ilikuwa ya kweli, ya Mei ya kweli, ya Septemba ya kweli na ya Oktoba ya kweli. Lakini aliyesoma ya Septemba akasafiri kwenda shamba Pongwe, akarudi bila kusoma ya Oktoba, ana picha gani kichwani?

Kinachogombewa humo ndani hakielezwi. Wasomaji wengi wanadhani majaji wanabishana kama Wavenezuela au Wahaiti wabaki Marekani au waondoke. Hapana. Sheria yenyewe ni ya mwaka 1990, iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush Novemba 29 ya mwaka huo, na El Salvador ndiyo nchi ya kwanza kunufaika, kwa kutajwa na Bunge la Marekani moja kwa moja. Inampa waziri ruhusa ya kusema nchi fulani ina vita, au imepigwa na tetemeko au kimbunga, au ina hali isiyo ya kawaida, kwa hiyo raia wake walioko Marekani tayari wasirudishwe kwa muda wa miezi 6 hadi 18, na wapewe kibali cha kufanya kazi. Siku zisizopungua 60 kabla ya muda kwisha, waziri aitazame upya hali ya nchi hiyo baada ya kushauriana na idara nyingine za serikali. Akitaka kufuta, atangaze kwenye gazeti la serikali na kutoa angalau siku 60. Akikaa kimya, hifadhi inajiongeza yenyewe miezi 6.

Halafu ndani ya sheria hiyohiyo kuna kifungu kinachosema uamuzi wa waziri wa kuitaja nchi, kuiongezea muda au kuifuta haupitiwi na mahakama. Hapo ndipo penye mvutano. Mawakili wa serikali wanakifungua kifungu hicho na kusema: Mheshimiwa Jaji, huna mamlaka, tufunge jalada twende nyumbani. Mawakili wa wahamiaji wanajibu kwamba wao hawaombi mahakama iamue kama Haiti ni salama. Wanauliza kama waziri aliitazama kweli hali ya Haiti, kama alishauriana na wale aliotakiwa kushauriana nao, na kama sheria imempa popote uwezo wa kuukata katikati muda ambao serikali yenyewe ilikwisha kuutoa. Hilo la mwisho ndilo lililomkwamisha waziri mbele ya Jaji Brian Cogan kule Brooklyn, Julai 1, 2025: huwezi kuwafupishia Wahaiti muda uliokwisha kutangazwa, subiri ufike ukomo wake. Ukomo ukawa Februari 3, 2026. Na Februari 2, zikiwa zimebaki saa chache, Jaji Ana Reyes wa Washington akausimamisha ufutaji wenyewe. Wasudani Kusini nao hifadhi yao ilikuwa ife Januari 5, 2026, jaji wa Boston akazuia ufutaji huo Desemba 30. Mtu akiniambia majaji wa kule hawapendi sikukuu za mwaka mpya nitamwelewa.

Mimi si shabiki wa upande wowote. Nchi ina haki ya kuwaambia wageni wake sasa inatosha, na sisi wenyewe tumewahi kufanya hivyo. Mwaka 2012 serikali yetu iliwaondolea hadhi ya ukimbizi Warundi wapatao 38,000 wa kambi ya Mtabila, Kasulu, na kambi ikafungwa mwishoni mwa mwaka. Yapo mengi ya kulalamikia namna walivyoondolewa. Ila kabla ya hapo watu waliitwa kaya kwa kaya, wakahojiwa, na waliothibitika kuwa bado wana hatari nyumbani, kama 2,700 hivi, wakabakizwa kwenye ulinzi. Kwenye TPS mahojiano ya namna hiyo hayapo. Nchi nzima inapewa kwa tangazo moja na nchi nzima inafutiwa kwa tangazo moja, mwenye kesi ya kweli na asiye nayo kwenye kapu lilelile. Ndiyo maana mashauri yote yanazunguka kwenye utaratibu. Mahakama haina majalada ya mtu mmoja mmoja ya kufungua, ina jalada la waziri tu.

Nchi za huku kwetu zimo pia, na hilo magazeti yetu huliacha kama vile TPS ni habari ya Amerika ya Kusini. Burundi iliwahi kuwa nayo kuanzia 1997 hadi Mei 2009. Rwanda iliipata mwaka 1994. Sudan, Sudan Kusini, Ethiopia na Cameroon zote zimepita humo. Somalia ilitajwa Septemba 1991, mwaka ule Rais wao Siad Barre alipoangushwa, ikawa inaongezewa na marais wa vyama vyote viwili hadi ilipotangazwa Januari 2026 kwamba mwisho ni Machi 17. Waliomo ni wachache mno ukiwaweka mbele ya Wahaiti. Lakini muda gani huo wa miaka 34? Mtoto aliyebebwa mgongoni leo ana mvi. Na Mahakama ya Juu ilikwisha kusema mwaka 2021, majaji wote tisa kwa kauli moja, kwamba aliyeingia nchini bila kukaguliwa mpakani hawezi kuitumia TPS kama daraja la kupata ukaazi wa kudumu. Lawama ya hapo mimi ninaipeleka kwa Bunge lao. Limeacha watu wakizeeka na kibali cha miezi 18.

Kwa nini karani mstaafu wa Ngamiani ajisumbue? Kwa sababu nina jirani, Mzigua wa Chogo, makazi ya wakimbizi kule Handeni. Vijana wasiojua wanawaita Wasomali. Ni watu ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Uziguani karne ya 19, wakapelekwa bonde la Mto Juba, Somalia, wakakaa huko na Kizigua chao vizazi na vizazi, mpaka vita ya 1991 ilipowarudisha huku wakiwa wakimbizi. Mama huyu alipata uraia wa Tanzania kupitia Chogo. Mdogo wake alikuwa amebaki Kenya, akaenda Marekani kusoma kwa pasipoti ya Somalia, na baadaye akawa mmoja wa waliojiandikisha TPS. Dada ni Mtanzania anayeuza mihogo ya nazi hapa Barabara ya 14, mdogo mtu anahesabu tarehe za majaji.

Siku moja kanijia na gazeti limekunjwa. "Shikamoo Mzee Karani."

"Marahaba mwanangu."

"Hapa wanasema mahakama imewazuia wasifukuzwe. Nimwambie mdogo wangu aache kuuza gari?"

Nikasoma habari ile mara mbili. Ilikuwa inahusu Wahaiti. Neno Haiti lilikuwa kwenye aya ya sita, baada ya picha kubwa ya Trump ameinua ngumi. Nikamwambia asimwambie chochote kuhusu gari. Ampigie amuulize kibali chake cha kazi kinaisha lini, na kama amewahi kufungua ombi lake mwenyewe la ukimbizi mbali na TPS. Hilo ndilo watu wengi hawalijui: TPS ikifutwa, mtu anarudi kwenye hadhi aliyokuwa nayo kabla yake, na kama ana ombi lake binafsi linaendelea, hilo halifi na tangazo la waziri. Kijana akajibu kwa ujumbe wa sauti usiku wa saa nane kwamba ombi analo, wakili anaye, na gari ameshaliuza. Dada mtu hakununa. Alisema angalau atapunguza kuendesha kwenye barafu.

Kuna na balaa jingine linalotokana na vichwa hivyo vifupi. Pale mjini amezuka mtu anayejiita wakala, ana meza, laminesheni na bendera mbili, anawaambia vijana kwamba mahakama ya Marekani imefungua TPS na kwamba kwa laki mbili na nusu atawajazia fomu. Mhariri, TPS haiombwi ukiwa Tanga. Sharti lake la kwanza ni uwe ndani ya Marekani tayari kufikia tarehe iliyotangazwa kwa ajili ya nchi yako, na Tanzania haijawahi kutajwa. Raia wa Tanzania anayeuziwa fomu ya TPS anauziwa karatasi. Nimemwona kijana wa Makorora akiishika risiti yake kwa mikono miwili. Imeandikwa "ada ya mahakama". Mahakama gani, mhuri wenyewe umechongwa kwenye raba ya ndala, herufi ya S imegeuka.

Ombi langu ni dogo. Mnapoandika habari hizi, aya ya kwanza itaje nchi ya wahamiaji wanaohusika na ngazi ya mahakama: ya wilaya ya shirikisho, ya rufaa, au ya Juu. Semeni kama ni zuio au ni hukumu, na serikali imekata rufaa au bado. Tarehe ya mwisho ya hifadhi iwepo kwa tarakimu, hata mkiiweka kwenye kisanduku pembeni pale mnapowekaga matokeo ya ligi. Msimamo wa ligi mnaupata kila wiki bila kukosea pointi, Coastal Union akishuka nafasi moja tunajua asubuhi yake.

Na yule mpiga picha wenu apumzishe ile ngumi. Wekeni ramani ya Haiti, au ya Sudan Kusini, kulingana na habari. Jirani yangu angeiona ramani angejua mara moja kwamba si ya kwao, asingevuka barabara mbili na sinia la mihogo kichwani kuja kuniuliza.

Wenu msomaji,
Karani mstaafu,
Ngamiani, Tanga