Hakuna operesheni

Kadutu, Bukavu, Jumamosi jioni

Mapendo dada yangu,

Habari za Lubumbashi, habari za watoto, habari za Baba Joyce na lile gari lake. Sisi tupo, Mungu anasaidia. Basi, salamu zimetosha. Ujumbe wako nimeusoma jana usiku mara nne, nimelala chali sakafuni. Sikukupigia kwa sababu nyumba hii unaijua, ukikohoa chumbani jirani anakuambia pole. Naandika kwenye karatasi ya kukatia nguo, nitaipiga picha nikutumie.

"Pole na operesheni, natumaini zile dola 80 zilisaidia." Operesheni gani, Mapendo? Hakuna aliyenipasua, wala anayepanga kunipasua. Mgongo ni uleule, mwaka wa sita sasa. Kine, yule wa mazoezi ya viungo, alinipima akasema humo ndani hakuna cha kukata. Dawa ni kutembea, kunyoosha mwili, na kutokaa kwenye cherehani muda mrefu bila kuinuka. Kutembea, Kadutu! Yeye bila shaka anaishi tambarare. Huku kila uendako ni ngazi, na mvua ikinyesha ngazi ni matope. Lakini natembea. Kule kulala siku tatu mfululizo ndiko kulikokuwa kunanimaliza.

Kwa hiyo hizo dola 80 sikuziona. Nimeandika hivyo, nikainuka, nikazunguka meza, nikarudi. Usimpigie ndugu yetu Dido kwanza. Ngoja nimalize.

Unakumbuka cherehani nyeusi ya marehemu Mama? Mwezi wa pili Dido aliiuza dola 45, zote akazitia kwenye tike moja ya kubeti mechi tisa. Nane ziliingia. Ya tisa ikamwangusha, timu ya Norvege ambayo hata jina lake hawezi kulitamka. Ungedhani ataacha. Kumbe hizo nane ndizo zilizomwasha zaidi: "Yaya, ilibaki moja tu!" Wiki nzima hakula vizuri, anatafuta pa kukopa ili arudishe zilizopotea.

Tarehe 3 mwezi wa tatu alikuja mwenyewe, akakaa pale mlangoni, akanipa simu yake. Sasa ana kasimu ka tochi kasikoshika intaneti, na pesa yake ya useremala inapita kwangu. Madeni simlipii. Anayalipa mwenyewe, faranga elfu tano tano, kwa yule wa kabini ya pesa za simu na wengine. Mama mkubwa anasema nina roho ngumu, tena anasema ni mapepo. Infirmie wetu, yule muuguzi, alimweleza kwamba huku kubeti ni ugonjwa, OMS wenyewe, shirika la afya la dunia, wameuweka kwenye orodha yao inayotumika tangu 2022. Mama mkubwa akamjibu OMS haijawahi kulala Kadutu.

Jumamosi ndiyo mbaya. Mechi zikianza anaanza kuzunguka kama kuku anayetaka kutaga, kisha anachukua bidoni mbili za maji anashuka bombani. Anasema tamaa ikipanda, akifika bombani na kupanga foleni, mpaka anarudi imeshashuka kidogo. Nyumba imejaa maji, dada. Ndoo, beseni, hata sufuria ya sombe. Mwenye mgongo kama wangu nisingeweza kuteka hata lita tano, kwa hiyo nakunywa maji ya mpira wa Ulaya.

Lakini nilitaka kukuambia jambo jingine. Wiki mbili zilizopita niliinama kuokota sindano. Sindano tu! Mgongo ukafunga, nikabaki nimeshika mguu wa meza. Mteja alikuwa amenitumia dola 30 za kitambaa kwa simu, na duka linafungwa saa kumi. Nani wa kushuka kabini? Ni yeye. Nikampa simu yangu, nikamtajia namba ya siri. Alikaa karibu saa nzima. Nilihesabu mbao za dari mpaka nikazichukia. Akarudi anahema, akaziweka mezani.

Nikazihesabu mbele yake, Mapendo. Noti moja moja, nikizigeuza na kuzinyanyua kwenye mwanga kama ninayetafuta zilizochanika. Zilitimia. Hakusema neno. Akachukua bidoni akashuka, na haikuwa siku ya mechi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta namna ya kumwomba msamaha. Leo asubuhi nilikuwa nimeamua. Ndipo huo ujumbe wako.

Sasa nijibu vizuri. Ulizituma lini? Siyo "zamani kidogo", tarehe, fungua simu uangalie. Kama ni kabla ya 3 mwezi wa tatu, ni deni la zamani aliloona haya kulitaja, tutaliandika pamoja na mengine, na wewe utangoja kwenye foleni ya elfu tano tano, nisamehe. Kama ni baada... Alikupigia kwa namba ipi, ile ya zamani au nyingine nisiyoijua? Alisema napasuliwa wapi, mgongo? Alilia? Baba Joyce anajua? Na ukituma kitu tena, utanitumia mimi mwenyewe, hata akikuapia kwa jina la Mama?

Yule mzee wa kwaya aliyeacha pombe ya kasiksi, ndiye anayekaa naye Jumapili baada ya misa. Nimwambie au ningoje jibu lako?

Anapanda ngazi, namsikia anavyohema. Nijibu leo hii. Tarehe kwanza.

Dada yako,
Furaha