Mapango ya Slovenia: mawili yanatosha

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu makala yenu ya safari iliyomshauri mgeni wa Slovenia azunguke mapango manne kwa siku mbili, yakiwa yamepangwa kwa ukubwa na umaarufu. Kwa ushauri huo msomaji atachoka na pesa yake itapotea bure. Akifika pango la tatu, stalaktiti zote, yaani mawe yanayoning'inia darini, zitakuwa zimeanza kufanana machoni pake na atakuwa anaulizia tu mlango wa kutokea.

Urefu wa pango haumwambii mtu chochote kuhusu atakachokiona. Mapango yote hayo yametokana na jambo moja: maji ya mvua hubeba kaboni dioksidi kutoka hewani, na nyingi zaidi kutoka kwenye udongo, yakawa asidi hafifu inayoyeyusha mawe ya chokaa kupitia nyufa. La kuuliza ni maji hayo yanafanya nini leo. Kuna mapango ambayo mto umeshayahama na kushuka ngazi ya chini, kazi ikabaki kwa matone. Tone likitokeza darini hupoteza kaboni dioksidi yake na kuacha chembe ya chokaa, na hivyo ndivyo nguzo na mapazia ya mawe yanavyojengeka. Kwingine mto bado uko kazini. Mimi ningemshauri mgeni achague moja la kila aina, basi.

Kwa mapambo ya mawe, pango la Postojna halina mpinzani, na sioni haya kusema hivyo ingawa kuna wanaolibeza kwa sababu ya umati. Lina njia za takriban kilomita 24, na mgeni huingizwa kwa treni ndogo. Reli yenyewe iliwekwa mwaka 1872, enzi ambazo waongozaji walikuwa wakivisukuma vibehewa kwa mikono. Taa za umeme zilifika 1884. Humo pia anaishi proteus, mnyama wa rangi ya ngozi asiyeona, mwenye matamvua mekundu pembeni mwa kichwa, anayeweza kukaa miaka bila kula. Kwa familia yenye watoto au mzee asiyeweza ngazi, hapa ndipo pa kwenda. Ila utatembea katika msafara mkubwa, na ukitaka kusimama mbele ya nguzo moja kwa dakika tano, hutapata nafasi hiyo.

Pango la Škocjan, ambalo mto bado uko kazini, ni habari nyingine kabisa. Makala yenu imelipa mistari miwili, nami ningelipa ukurasa. Mto Reka unaingia ardhini chini ya kijiji, unapita katika korongo la chini kwa chini, kisha unapotea. Maji yake huibuka tena upande wa Italia, karibu na bahari, kwenye chemchemi za Timavo, zaidi ya kilomita 30 kutoka pale. Mgeni huanzia kwenye ukumbi uliotulia wenye nguzo za chokaa, halafu ghafla sauti ya maji inamfikia kabla hajaona kitu. Mbele yake ukuta unaangukia gizani, na taa za njia ya upande wa pili zinaonekana kama punje. Daraja la Cerkvenik linavuka korongo hilo mita 45 hivi juu ya mto. Ukisikia kwamba katika mafuriko ya 1965 maji yalipanda humo zaidi ya mita 100, kwa sababu njia ya kutokea ni nyembamba kuliko ya kuingilia, ndipo unaelewa ni nani aliyelichonga. UNESCO ililiingiza katika urithi wa dunia mwaka 1986. Ndani hairuhusiwi kupiga picha, na kwangu hilo ni faida: msafara unasonga, na watu wanatazama kwa macho yao.

Tena Škocjan linategemea hali ya hewa. Baada ya mvua mto unanguruma. Katika kiangazi kikali unaweza kukuta kijito. Makala inayotaja bei ya tiketi bila kutaja jambo hili imeacha nusu ya habari.

Aliye na siku ya ziada na moyo wa utulivu, ningempeleka pango la Križna. Hakuna umeme, unapewa viatu vya mpira na taa, unaingia na kikundi kidogo hadi ziwa la kwanza. Safari ndefu ya mtumbwi huchukua wageni wanne tu kwa siku, kwani kingo za chokaa zinazoyatenga maziwa yake hukua polepole mno na hubomoka kwa urahisi. Vilenica, ambako kiingilio kilianza kutozwa 1633, nalo lina wapenzi wake, lakini hufunguliwa kwa siku chache, kwa hiyo ulizia kwanza.

Kuna dalili moja ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua mwenyewe. Tazama ukuta ulio karibu na taa. Ukiona ukijani, hiyo ni mwani na mimea midogo inayoota kwa sababu mwanga unaachwa ukiwaka muda mrefu. Pango linalotunzwa huwasha taa msafara unapofika na kuzizima ukishapita, na mwongozaji wake atakukemea ukigusa jiwe, maana mafuta ya ngozi huzuia chokaa kushika.

Mkichapisha tena orodha hiyo, ningeomba muongeze mambo matatu kwa kila pango: ukubwa wa msafara, idadi ya ngazi, na kama kuna mto. Na muwakumbushe wasomaji wabebe sweta hata wakati wa joto, maana ndani ya Postojna ni nyuzi 10 hivi mwaka mzima.

Wako,
Msomaji wa kila wiki