Gesi asilia nayo ni nishati ya kisukuku

Mhariri,

Naandika kuhusu habari za nishati zinazoitaja gesi asilia kana kwamba haimo katika kundi la nishati za kisukuku. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, sawa na makaa ya mawe ya Ngaka kule Ruvuma, imetokana na mabaki ya viumbe yaliyofukiwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Ikichomwa, hutoa kaboni iliyokuwa imefungiwa huko chini.

Sipingi gesi jikoni. Mama anayepikia mtungi havuti moshi wa kuni, na lengo la Serikali kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034 naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini usafi huo ni wa mapafu na sufuria. Kwenye mitambo ya umeme, gesi hutoa takriban nusu ya hewa ukaa ya makaa ya mawe; nusu si sifuri. Na methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ikivuja kabla ya kuchomwa, huongeza joto kwa zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa katika miaka 20 ya kwanza.

Naomba gazeti lako, kila linapoandika kuhusu mabadiliko ya tabianchi, liitaje gesi pamoja na petroli, dizeli na makaa ya mawe. Wizara ya Nishati nayo ifanye hivyo katika matangazo yake kwa umma.

Msomaji,
Dar es Salaam